Gari Limepigwa Picha: Faini Ni ya Nani?

Mwaka jana nilinunua Noah iliyotumika kutoka kwa mtu wa Nyakato, hapa Mwanza. Wiki tatu baadaye nilikuwa narudi nayo kutoka Misungwi, mama yangu amekaa kiti cha nyuma. Pale Usagara trafiki akatupungia mkono. Akamwamkia mama, akaomba leseni yangu, akaingiza namba ya gari kwenye mashine, kisha akanyamaza kidogo akisoma.

"Kaka, gari lina madeni matano."

"Afande, hili gari nina wiki tatu nalo."

"Inawezekana kabisa. Ila mashine hainioneshi wewe, inanionesha namba."

Makosa matano, kila moja limefika shilingi 37,500, yaani faini ya 30,000 pamoja na asilimia 25 inayoongezeka siku saba zikipita bila kulipa. Jumla 187,500, na yote ni ya kabla sijalijua gari lile. Afande alituruhusu tuendelee na safari, akanisisitiza nilimalize jambo hilo mapema. Njia nzima hadi Buhongwa mama aliniuliza mara mbili tumekosa nini. Jibu lake ni refu, na ndilo ninaloliandika hapa.

Jioni ile nilimpigia aliyeniuzia. Hakubisha. Alianza kukumbuka moja moja: makosa mawili ya tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, ni yake, alikuwa anawahi msiba Bunda, lile la Magu ni la mdogo wake, alilichukua gari kwenda harusini, mawili yaliyobaki hayajui, siku zile gari lilikuwa kwa fundi. Picha moja ya tochi alikuwa bado nayo kwenye simu, akanitumia. Inaonesha pua ya gari, namba imesomeka vizuri hadi skrubu zake zinaonekana, na kioo cha mbele kimejaa mawingu ya siku ile. Nyuma ya mawingu hayo kuna mtu ameshika usukani, na huwezi kusema ni mwanamume au mwanamke.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa faini za kamera, ziwe za mwendokasi au za kuvuka taa nyekundu. Kamera inaona chuma. Sheria inamtaka mtu. Kila nchi iliyofunga kamera barabarani ililazimika kuamua itavukaje kutoka kwenye chuma hadi kwa mtu, na uamuzi huo ndio unaosema nani atoe pesa, nani afike mahakamani, na nani ana haki ya kusema "si mimi".

Kwanza tuione kazi yenyewe ya kamera ya taa. Mtu aliyezipa nguvu kamera za barabarani ni Mholanzi Maurits Gatsonides, dereva wa mashindano aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1953. Alitengeneza kifaa cha kujipima mwendo kwenye kona ili ajifunze kwenda kasi zaidi, na baadaye kifaa hicho kikaingia mikononi mwa polisi kikawa cha kuwakamata wanaokwenda kasi. Kamera ya taa nyekundu ni ndugu wa kifaa hicho. Chini ya lami, karibu na mstari wa kusimamia, huzikwa nyaya zilizozungushwa kama fremu. Gari likipita juu yake, chuma chake hubadilisha hali ya umeme katika nyaya hizo. Mifumo mingine hutumia rada au video badala ya nyaya. Taa ikiwa ya kijani au ya njano, kamera imelala. Ikigeuka nyekundu, kamera inaamka, na gari litakaloukanyaga mstari kuanzia hapo linapigwa picha mbili: ya kwanza likiwa bado halijavuka, ya pili likiwa katikati ya makutano. Picha mbili ni muhimu sana. Moja peke yake haiwezi kumtenganisha aliyevuka na aliyesimama akiwa amezidisha tairi kidogo, na aliyeingia makutanoni taa ikiwa bado ya njano hapaswi kuguswa kabisa. Kwenye ukingo wa picha huandikwa tarehe, saa, na sekunde zilizopita tangu taa iwe nyekundu.

Mara nyingi picha hiyo hupigwa kwa nyuma. Unaona taa za breki, namba, na kisogo cha mtu kama bahati ipo.

Sasa, kutoka kwenye kisogo hicho tunafikaje kwa mlipaji?

New York, waliokuwa wa kwanza Marekani kufunga kamera hizi mwanzoni mwa miaka ya 1990, walichagua njia fupi: analipa mmiliki. Faini ni dola 50, na hakuna pointi za adhabu zinazoingia kwenye leseni ya mtu. Hoja yao ni kwamba hilo si kosa la jinai bali ni deni, linafanana na faini ya kuegesha vibaya. Gari lako limeonekana mahali lisipopaswa kuwa, lipa, kisha mdai uliyemwazima. Mmiliki anaweza kujitetea kwamba gari liliibwa na taarifa ipo polisi, au alishaliuza. Kwa kuwa hakuna anayeitwa mhalifu, hakuna anayelazimika kuthibitisha nani aliendesha. Ninaiheshimu njia hii kwa uwazi wake: haijifanyi inamjua dereva.

Inapoharibika ni pale mji unapotaka vyote viwili, urahisi wa deni na ukali wa kosa. St. Louis, katika jimbo la Missouri, walitunga sheria ndogo iliyosema kwamba mmiliki atahesabiwa kuwa ndiye aliyekuwa anaendesha, labda athibitishe vinginevyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliifuta. Sababu yake inaeleweka hata kwa asiyesoma sheria: anayeshtaki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na huwezi kuuchukua mzigo huo ukamtwisha mshtakiwa kwa sababu tu jina lake lipo kwenye kadi ya gari.

Waingereza wakapita njia nyingine. Kwao kuvuka taa ni kosa la dereva na pointi zinaingia kwenye leseni yake, lakini mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ana wajibu wa kusema nani alikuwa usukanini. Kifungu cha 172 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 ndicho kinachomfunga. Taarifa ya kwanza inapaswa kumfikia ndani ya siku 14 tangu siku ya kosa, naye ana siku 28 za kujibu. Asipojibu, kosa lake sasa si la taa tena. Ni la kunyamaza, na kunyamaza huko kunaweza kumgharimu pointi sita na faini hadi pauni 1,000. Watu wawili walikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya wakidai kwamba kulazimishwa kujitaja ni kulazimishwa kujishtaki. Mwaka 2007 mahakama ilikataa hoja yao, ikieleza kwamba anayeamua kumiliki na kuendesha gari anajua tangu mwanzo kwamba anaingia katika kanuni zake.

Na ukitaja jina la uongo? Mwaka 2003 gari la mwanasiasa Chris Huhne lilinaswa na kamera ya mwendokasi, na mkewe Vicky Pryce akakubali kuzibeba pointi kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha. Siri ikakaa miaka. Ndoa ilipovunjika ikatoka. Huhne, aliyekuwa amefika uwaziri, alijiuzulu mwaka 2012, na Machi 2013 wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja. Faini yenyewe ilikuwa ndogo mno. Kilichowapeleka gerezani ni kuidanganya sheria kuhusu jina moja. Ninaitaja kesi hii kwa sababu huku kwetu kumsingizia dereva mwingine, au kumlipa kijana akubali kosa, kunachukuliwa kama ujanja wa kawaida.

Njia ya tatu ni ile ya muda mrefu ya California, na ya Ujerumani: kama huna uso, huna kesi. Kamera inapiga kwa mbele pia, na picha ya dereva lazima ionekane. California faini ya mfumo huo inakaribia dola 500, kwa hiyo si ajabu watake uso kwanza. Ujerumani muda nao ni mfupi, miezi mitatu, na mamlaka zisipompata dereva ndani ya muda huo shauri linakufa. Lakini Wajerumani wana jambo moja nililolipenda sana. Mmiliki ambaye dereva wake ameshindikana kujulikana anaweza kuamriwa kuweka daftari ndani ya gari, na kila safari iandikwe humo nani ameendesha, siku gani na saa ngapi. Hawamhukumu kwa kosa asilolifanya. Wanamwambia tu kwamba kuanzia leo ajue gari lake liko kwa nani.

Karibu na sisi mambo yanakwenda haraka. Anayesafiri kupitia Rusumo hadi Kigali anazifahamu kamera ambazo Wanyarwanda wamezibatiza jina la Sofia, na anajua ujumbe wa faini unaweza kumkuta kwenye simu kabla hajafika anakokwenda. Uganda walianza kutoza kwa kamera zinazosoma namba mwezi Juni 2025. Malalamiko yakapanda, na katika siku chache wizara ikausimamisha mfumo ili upitiwe upya. Sisi na hao ni majirani, na magari yanayovuka mipaka ni yaleyale. Kwa hiyo swali la mama yangu si la Usagara peke yake.

Kwetu sheria mama ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 kuanzia Julai 2021. Ukiandikiwa, una siku saba, unapewa namba ya malipo unayoweza kulipia kwa simu au benki. Kulipa maana yake umekubali kosa. Ukikataa, mlango wako ni mahakamani. Deni linakaa kwenye mtandao wa polisi, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingiza namba ya gari akaliona.

Trafiki akikusimamisha uso kwa uso hakuna utata: leseni yako iko mkononi mwake, na kosa linaandikwa kwa aliyekaa usukanini. Utata unaanza picha inapochukua nafasi ya mkono. Wa tochi amekaa kwenye kivuli cha mwembe, anaituma picha kwa simu kwa mwenzake aliye mbele. Gari likichepuka kabla ya kufika kwa huyo wa pili, kinachobaki ni namba. Na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kuwa ana hatia. Kati ya namba iliyosomeka na hatia iliyothibitika kuna nafasi, na ni nafasi hiyo ambayo kamera za taa, popote zitakapofungwa, zitaipanua.

Kwa Mwanza nafasi hiyo ni pana kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu hapa jina lililo kwenye kadi na mikono iliyo kwenye usukani hukutana kwa nadra.

Chukua Hiace inayopiga ruti ya Igoma na mjini. Tajiri, yaani mwenye gari, yuko Nansio, Ukerewe, ana shughuli zake za samaki, anachotaka ni hesabu ifike jioni. Dereva wake ameanza saa kumi na moja alfajiri. Saa saba mchana anasikia njaa, anampa usukani deiwaka, kijana anayeshinda kituoni akisubiri bahati kama hiyo, na yeye anakaa kwa mama ntilie kula ugali na sato. Deiwaka anapiga tripu mbili, analipwa chake, anateremka. Kama gari limepigwa picha katika tripu ya pili, nani amekosa? Tajiri hamjui deiwaka hata kwa jina. Dereva anamjua kwa jina la utani. Konda alimwona, lakini konda kesho yuko gari jingine. Kwa njia ya New York tajiri analipa, kisha anamkata dereva kwenye posho, na dereva anamtafuta deiwaka kituoni. Kwa njia ya Uingereza tajiri anaulizwa jina na hana. Kwa njia ya California picha inaonesha uso wa kijana asiye kwenye karatasi yoyote.

Bodaboda za mkataba nazo zina fundo lake. Kijana anakabidhiwa pikipiki, analeta hesabu kila siku, na akimaliza muda waliokubaliana inakuwa yake. Katika miezi yote hiyo anaiita yake, mtaani inajulikana ni yake, lakini kadi ina jina la mwenye mtaji. Nimeona mikataba ya namna hii iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi ya daftari, na mashahidi wawili, ikitaja mafuta, matengenezo, hata siku za ugonjwa. Kuhusu faini, hakuna neno.

Kubwa kuliko yote ni kadi zisizobadilishwa. Mtu anauza gari, wanakwenda kwa wakili, wanasaini mkataba wa mauziano, kadi inakabidhiwa kwenye bahasha, na kila mmoja anaamini biashara imekwisha. Kwenye kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, haijaanza. Gari linaweza kupita mikono mitatu, Geita, Sengerema, Kahama, na jina likabaki la mama mmoja wa Kirumba aliyeshasahau hata rangi ya viti vyake. Taarifa yoyote inayotoka kwenye namba itamtafuta yeye. Gari likigonga mtu, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Maoni yangu ni haya, baada ya kulitafakari jambo hili kwa miezi. Mmiliki abebe wajibu wa kusema, asibebe hatia. Ni yeye peke yake anayeweza kujua gari lilikuwa kwa nani, na kumwachia anyamaze ni kuwaachia wanaovuka taa mbele ya watoto wa shule. Lakini wajibu huo unadai haki ya upande wa pili: aambiwe mapema, aoneshwe picha, na siku za kulipa zihesabiwe tangu alipojua. Makosa matano ya Noah yangu yote yalikuwa yameshapanda hadi 37,500, na aliyeniuzia aliapa kwamba matatu kati ya hayo aliyasikia kwangu kwa mara ya kwanza. Namba ya simu aliyoisajili na gari ilikwishakufa, hilo ni kosa lake. Ila adhabu ya kuchelewa kulipa deni usilolijua haimfundishi mtu kuendesha vizuri.

Kuna na suala la taa ya njano, ambalo watu wengi hulipita. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwetu kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Njano ya sekunde tatu ni mita 42 hivi. Dereva anahitaji karibu sekunde moja ya kuona na kuamua kabla mguu haujafika kwenye breki. Barabara kavu na tairi nzima, zinazobaki zinatosha. Weka mvua ya Machi, tairi kipara na Canter iliyosheheni dagaa, hazitoshi. Chicago, ambako njano ilikuwa ya sekunde tatu na faini ni dola 100, wananchi walilalamika kwa miaka kwamba kamera ziliwekwa kukusanya pesa. Imani yao ikavunjika kabisa mwaka 2016, pale ofisa wa jiji John Bills alipofungwa miaka kumi kwa kupokea rushwa kutoka kwa kampuni ya kamera. Utafiti uliofanyiwa serikali ya Marekani mwaka 2005 ulikuta kamera zimepunguza ajali za kugongana ubavuni kwa karibu asilimia 25, na zimeongeza za kugongwa nyuma kwa karibu 15, kwa kuwa watu hufunga breki ghafla wakiogopa picha. Ajali za ubavuni ndizo zinazoua zaidi, kwa hiyo hesabu bado ina faida. Faida hiyo lakini inategemea njano iliyopimwa kwa magari yanayopita hapo kweli.

Kwa anayenunua gari wiki hii: ingiza namba yake kwenye mtandao wa polisi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, na madeni yote yalipwe mbele yako. Mkataba uandike tarehe na saa ya kukabidhiana, kwa sababu saa hiyo ndiyo itakayogawa faini zake na zako. Kisha nendeni TRA wote wawili na namba zenu za mlipakodi, mlipie uhamisho na ushuru wa stempu, kadi itoke na jina jipya. Anayeuza ana haja ya safari hiyo kuliko anayenunua, ingawa huwa yeye ndiye anayekuwa na haraka ya kuondoka.

Mimi na aliyeniuzia tuligawana. Alilipa makosa matatu aliyoyatambua, mawili ya kwa fundi tukayakata nusu kwa nusu, na wiki iliyofuata tukakutana TRA kubadilisha kadi. Nikanunua daftari la mistari, kalamu nikaifunga kwa uzi, vyote nikaviweka kwenye droo ya dashibodi. Mwanzoni mdogo wangu alinicheka. Sasa ameshazoea, anaandika bila kuambiwa. Ukurasa wa jana una mistari miwili: mimi, asubuhi, Mkolani hadi mjini, yeye, saa kumi na mbili jioni, Kisesa na kurudi, amempeleka mama kliniki ya macho, mafuta yamebaki robo.